Barua Nne Zenye Sura Moja

Juma hili tunaleta ushuhuda ambao hautuletei sifa, kwa sababu kosa lilikuwa letu wenyewe. Lakini kosa likifichwa halimfundishi mtu.

Mnajua namna kazi inavyotafutwa hapa Lubumbashi. Tangazo linabandikwa ukutani, mtu analipiga picha na kulituma kwa simu, na kabla ya jua kutua mtaa wote umekwisha kulisoma. Kiangazi kilichopita moja lilifika katika kikundi chetu cha likelemba: kampuni inayopikia wafanyakazi wa migodi ilitafuta wapishi, wasaidizi wa ghala na watu wa usafi. Wanne kati yetu wakasema watajaribu. Zilibaki siku 3 tu.

Tukaenda nao kwa kijana mwenye kompyuta karibu na soko. Hakutuuliza kitu zaidi ya majina na namba za simu. Alifungua barua aliyokuwa nayo toka zamani, akaondoa jina, akatia jina, akachapa. Barua nne kwa nusu saa. Kifaransa chake kilikuwa na maneno marefu, nasi tukamsifu na kumlipa.

Majuma 3 yakapita bila simu. Mwenzetu mmoja akaenda kuuliza. Mama wa mapokezi, Mungu ambariki, akamwita pembeni na kumwonyesha barua zetu. Zote nne zilifanana neno kwa neno. Kifaransa kinatofautisha mwanamume na mwanamke hata katika maandishi, na wote wanne waliandikwa kama wanaume. Tena barua ya mama wa miaka 46, ambaye hajashika usukani hata siku moja, ilisema kwamba yeye ni dereva mwenye uzoefu!

Tulicheka, lakini kicheko hakikudumu. Mmoja wa wale wanne ni mjane, na mtoto wake wa kwanza alibakiza mwaka mmoja kufika mtihani wa Serikali. Shule za msingi za Serikali ni za bure tangu 2019, lakini sekondari inalipwa. Na ni sisi tuliomwambia mama huyo, "Twende kule, wanaandika vizuri."

Nafasi zile zilikwisha. Tukaamua kwamba tangazo lingine likitokea, kila mmoja ataandika yake.

Mjane wetu akajibu: "Miye sina kitu ya kuandika. Nilikuwa napikaga tu malewa."

Basi tukaweka karatasi kando, tukaanza kumwuliza kama watu wanaoongea huku wakichagua maharagi. Umepika miaka mingapi? 12. Sahani ngapi kwa siku? 70, na mwisho wa mwezi zaidi. Unga unakwenda namna gani? Gunia la kilo 25 halimalizi siku 2. Nani anakusaidia? Wasichana 2 aliowafundisha mwenyewe. Na wanaokula kwa deni? Madereva, kila jina katika daftari, na mwisho wa mwezi wanalipa. Chakula kinakuwa tayari saa ngapi? Saa 5 asubuhi, kila siku, hata umeme ukikatika, maana makala anayo.

Tukanyamaza. Huyu aliyesema hana kitu alikuwa ameongoza jiko, ghala na hesabu kwa miaka 12.

Tuliandika kwanza kwa Kiswahili, ili maneno yawe yake. Kisha binti yake akayaweka katika Kifaransa, kwa sababu ofisi nyingi zinakitaka. Barua ya kwanza ilianza hivi: "Nina heshima kuja mbele ya ukuu wenu na wema wenu mwingi," na baada ya hapo haikusema kitu. Barua mpya ilisema:

"Nimesoma tangazo lenu la kutafuta mpishi. Kwa miaka 12 nimepika sahani 70 kwa siku, bukari, sombe, samaki na maharagi, kwa madereva na watu wa soko. Chakula kilikuwa tayari kila siku saa 5 asubuhi. Ninanunua vitu mwenyewe, ninapima unga na mafuta ili visipotee, na ninaandika matumizi kila jioni. Nimefundisha wasichana 2 kazi hii. Sijapika bado katika jiko kubwa la gesi, lakini ninajifunza haraka. Ninaweza kuja kupika mbele yenu siku mtakayotaka."

Hapo tulibishana. Mama mmoja alisema, "Aandike kwamba ni mjane mwenye watoto 5, mkubwa atamhurumia." Wengine tulikataa. Anayesoma barua anatafuta mikono ya kazi. Akiona machozi tu, atakwenda kwenye barua nyingine. Na kuna jambo ambalo wamama wanalijua na hawalisemi kwa sauti: ukimwandikia mtu usiyemjua shida zako zote, umemwonyesha mahali pa kukushika. Mtu mbaya anatafuta hapo hapo. Tukaliondoa neno lile.

Mwenzetu mwingine alitaka kuandika kwamba mume wake amemruhusu. Kwa Sheria ya Familia ya 1987, mke alihitaji ruhusa ya mume katika mambo mengi. Sheria hiyo ilirekebishwa 2016, na ruhusa ile iliondolewa. Mume na mke wanapashwa kusikilizana. Basi mazungumzo hayo yafanyike nyumbani, yasiingie katika barua.

Mambo mengine tuliyojifunza ni haya. Barua iwe ya ukurasa mmoja. Juu kushoto weka jina, anwani na namba ya simu ambayo hutaibadilisha kesho. Kisha mahali na tarehe, cheo cha unayemwandikia, na mstari wa kusema unaomba kazi gani, pamoja na namba ya tangazo kama ipo. Salamu ya heshima inatosha mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni. Tia sahihi kwa mkono wako. Kama ulifanya kazi mahali kwa mkataba, ambatanisha cheti cha kazi. Kanuni ya Kazi ya 2002 inamtaka mwajiri akupe cheti hicho mkataba unapokwisha. Peleka nakala 2, na moja wakugongee muhuri na tarehe, uirudishe nyumbani. Anayekuomba matabishi ili barua ifike ndani, mwache.

Miezi 2 baadaye kampuni nyingine ilitoa tangazo. Wote wanne waliandika, na 2 waliitwa. Mjane wetu alipewa unga, mafuta na saa 3, akapika. Leo ana mkataba. Yule wa pili aliomba kazi ya ghala, hakuipata. Lakini alirudi amesimama wima. Alituambia: "Waliniuliza juu ya vile nilivyoandika, na nilijibu vyote, kwa sababu ni vyangu." Wale 2 ambao hawakuitwa wanaendelea kutafuta, nasi tunaendelea pamoja nao.

Kijana wa kompyuta bado tunakwenda kwake, kuchapa tu.

Jumamosi, baada ya likelemba, tutakaa tena. Njoo na daftari na kalamu. Kabla ya kuja, keti na jirani yako, akuulize: miaka mingapi, watu wangapi, kilo ngapi, saa ngapi? Andika majibu jinsi unavyoyasema. Barua yako itaanzia hapo.