Msitu Ulio Nyuma ya Fleti Zetu

Kwa miaka sita niliishi Bredäng nikijua njia tatu tu: ya kwenda stesheni, ya dukani na ya skuli ya mwanangu. Dirisha la jikoni linatazama msitu. Niliutazama kama mtu anavyotazama ukuta wa jirani.

Wageni wanaokuja Stockholm huenda Gamla stan, au huvuka kwenda kisiwa cha Lovön kulitazama jumba la kifalme la Drottningholm, lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1991. Huku kwetu hawafiki. Bredäng ni mtaa wa maghorofa ya miaka ya 1960, treni ya chini ya ardhi ilianza kufika 1965. Kuna kambi ya mahema karibu na ziwa, lakini watalii wanaolala pale kiangazi wakiamka wanapanda treni kwenda mjini. Msitu wenyewe, Sätraskogen, ni hifadhi tangu mwaka 2006, na unateremka mpaka Ziwa Mälaren, ambalo ndilo tunalolinywa kwenye bomba.

Aliyenitoa ndani ni mwanangu. Ana miaka mitano, na walimu wake huwapeleka msituni mvua inyeshe isinyeshe. Siku moja aliniuliza, "Mama, kwani wewe unaogopa nini kule?" Nikakosa jibu, na aibu ikanishika, kwa sababu mimi ni mtoto wa Kitogani.

Kitogani ni jirani na Jozani, kule kwenye kima punju. Nilipokuwa mdogo tulikuwa na vijia vyetu vya kuni, na bibi yangu alivijua vyote. Baadaye eneo lile likawa hifadhi ya taifa, mwaka 2004, wakaja wageni kwa mabasi, na msitu ukawa kitu cha kuingia na mtembezaji na tiketi. Sisemi ni vibaya, wale kima wamepona. Ila vijia vya bibi vimefungwa na vichaka, na mimi nilikua nikidhani msitu ni wa watu wengine. Nikalibeba wazo hilo mpaka Sweden.

Huku sheria iko kinyume kabisa. Wana kitu wanakiita allemansrätten, haki ya kila mtu kupita porini, hata kwenye ardhi ya mwenyewe, mradi usiharibu wala usimsumbue mtu nyumbani kwake. Tangu 1994 imo katika katiba. Hulipi, huombi ruhusa, huulizwi pasi. Hifadhi zina masharti yake ya ziada, kwa hiyo soma ubao ulioko mlangoni.

Basi Jumamosi moja ya Novemba nikaenda peke yangu. Niliteremka mpaka ziwani, nikashika kushoto, ziwa likawa mkono wangu wa kulia. Njia kubwa ni nzuri, ina watu na mbwa wao. Nikaona kijia chembamba kinapanda kwenye miamba kati ya misonobari, majani yamekifunika, haonekani mtu kukipita. Nikakifuata. Juu ya mwamba niliona Kungshatt, kisiwa chenye kofia juu ya mlingoti. Husimuliwa kwamba mfalme aliyekuwa akifukuzwa na maadui aliruka na farasi wake kutoka jabali lile mpaka majini, kofia yake ikabaki juu. Nilikaa sana pale. Nilikuwa sijakaa peke yangu, bila kuitwa na mtu, tangu nijifungue.

Kosa langu likawa hilo. Novemba huku, kabla ya saa kumi jioni jua limeshazama. Simu nayo ilizimika kwa baridi. Nilipogeuka, kijia sikukijua: mawe yale yale, miti ile ile, lakini sura nyingine. Moyo ulinienda mbio. Ndipo nikakumbuka neno la bibi, kwamba ukienda kukata kuni usitazame mbele tu, kila baada ya muda geuka nyuma, maana njia ya kurudi haina sura ya njia ya kwenda. Sikuwa nimegeuka hata mara moja. Lakini ziwa lilikuwa bado linang'aa kidogo chini. Nikaliweka mkono wa kushoto, nikateremka pole pole, mara nyingine kwa makalio, mpaka nikaipata njia kubwa na taa za maghorofa yetu.

Siku hizi naenda kila wiki. Namwambia mtu wakati wa kurudi, simu naiweka kifuani ipate joto, na namba 112 tumemfundisha hata mtoto. Kiangazi, chomekeni suruali ndani ya soksi na mkaguane mwili mkifika nyumbani, kwani kupe wa huku wana maradhi. Mmoja wapo una chanjo. Jirani yangu Msomali, mwenye miaka ishirini mtaani hapa, aliliona ziwa kwa mara ya kwanza tulipokwenda pamoja.

Nilimpelekea mama picha. Huku miti iliyoanguka haiokotwi, inaachwa ioze kwa ajili ya wadudu na uyoga. Hakuuliza habari za baridi wala za mfalme. Alinipigia saa hiyo hiyo: "Mwanangu, kuni zote hizo, hakuna wa kuziokota?"