Hewa ya Ngorongoro na Tabo Yetu ya Kwanza

Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila dereva wa watalii wa Arusha anajua kona ambayo gari lake huanza kuishiwa nguvu. Unatoka Mto wa Mbu, chini kabisa, unaukwea ukuta wa Bonde la Ufa, unapita Rhotia na Karatu, kisha baada ya lango la Lodoare lami inakwisha na udongo mwekundu unajikunja ndani ya msitu. Gia ya tatu inakataa. Ya pili inakubali kwa shingo upande, na nyuma yako kona nzima imejaa moshi mweusi. Barabara ile niliipanda kwanza nikiwa utingo, nikaipanda nikiwa dereva, na leo magari yangu machache yanaipanda yakitunzwa kwenye gereji yangu mwenyewe. Kati ya mambo yote yaliyobadilika katika kazi hii, hakuna lililonifundisha kama tabo, kile kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini.

Baba yangu aliendesha Land Rover ya dizeli ya lita 2.25. Ilikuwa na nguvu za farasi 62, na hizo zilihesabiwa karibu na bahari, si Karatu. Yeye hakulalamika, alitoka Arusha alfajiri na alijua atafika jioni. Sisi tulikuja na Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990: silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, farasi 130 hivi, haina tabo wala kompyuta. Naipenda injini hiyo hadi leo. Inakula vumbi la Serengeti, inakunywa dizeli isiyoeleweka, na ikiharibika Seronera fundi mwenye spana na akili timamu anaiwasha tena. Lakini gereji za Arusha zilikuwa zikiyakata magari yale, zinarefusha chesisi, zinaongeza viti na paa la kuinuka ili watalii wasimame kupiga picha. Juu yake tukapakia mizigo, maji, matairi mawili ya akiba na matangi mawili ya mafuta. Gari likawa zito, na injini ikabaki ile ile.

Uzito ulikuwa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ilikuwa hewa. Kwenye kimo cha ukingo wa Ngorongoro, hewa inayoingia kwenye silinda ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam. Injini ya lita 4.2 inavuta hewa ambayo pwani ingeitosha injini ya lita 3.3. Pampu ya dizeli, kama haina kifaa cha kupima mwinuko, haina habari na jambo hilo. Inaendelea kusukuma dizeli kwa kipimo cha pwani. Hewa haitoshi kuiunguza yote, na kilichobaki kinatoka kwenye eksozi kikiwa moshi mweusi.

Wakati ule moshi ulikuwa fahari. Gari likitoa wingu zito mlimani, madereva walisema linavuta. Aliyetaka nguvu zaidi alimwendea fundi wa pampu akaongezewa dizeli kwa kukaza skrubu moja nyuma ya pampu, na kweli kwenye tambarare ya Makuyuni gari liliruka. Fundi wetu, Mpare mmoja aliyekuwa na kibanda mtaa wa Unga Limited, alikataa kabisa kuigusa skrubu hiyo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akaniambia, “Mdogo wangu, mpagazi wa Kilimanjaro akichoka kule juu humwongezei ugali. Kinachompungukia ni pumzi.”

Niliyaelewa maneno yake siku tulipopitwa mlimani na Land Cruiser ya mkulima wa kahawa wa Karatu. Ilikuwa ya umbo lile la mviringo, mfululizo wa 80, imeletwa imetumika kutoka Japani. Ilikuwa imepakia magunia, ikapanda kwa gia ya tatu, na nyuma yake sikuona moshi wowote. Filimbi nyembamba tu ndiyo iliyosikika chini ya mngurumo. Ndani yake mlikuwa na 1HD-T, injini ya ukubwa ule ule wa 1HZ, 4,164 kamili, lakini iliyotoka kiwandani na tabo.

Nilianza kusoma kila nilichopata. Nikajua kwamba wazo lenyewe ni la Mswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905: ule moshi unaotupwa nje ungali na joto na kasi, basi uzungushe feni, na feni hiyo kwa shafti moja izungushe nyingine inayosukuma hewa ndani ya injini. Kilichonigusa zaidi ni habari ya Sanford Moss, Mmarekani wa General Electric, ambaye mwaka 1918 alipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi kileleni mwa mlima Pikes Peak huko Colorado, zaidi ya mita 4,200, ili aijaribu pamoja na tabo kwenye hewa nyepesi. Ndege za vita zilikuwa zikipoteza nguvu angani, na yeye alitaka kuzirudishia. Kwa hiyo tangu mapema watu wa mlimani na watu wa angani waliitumia tabo kwa haja ile ile yetu. Vijana wanaoniambia tabo ni kitu cha mashindano huwa nawapa habari hiyo kwanza.

Bosi wangu wa wakati ule naye alishawishika. Aliagiza seti nzima ya tabo kutoka Australia, ambako 1HZ ilikuwa ikiuzwa kwa wingi na mafundi wa huko walishazoea kuiongezea. Kwa bahati mbaya hakuipeleka Unga Limited. Aliipeleka kwenye gereji nyingine iliyomwahidi gari litakuwa tayari mapema, na gereji hiyo ikafunga tabo, ikaongeza shinikizo, ikakaza na skrubu ya dizeli. Hakuna geji hata moja iliyofungwa. Gari lilitoka likiwa na nguvu ya kutisha. Madereva waligombania kupewa gari hilo. Halikumaliza msimu. Lilikufa likitoka ndani ya kreta kupanda ukingo, limejaa wageni, na fundi wetu alipofungua silinda hedi, vichwa vya pistoni mbili vilikuwa vimeyeyuka pembeni.

Alinionyesha kwa kidole, bila kumlaumu mtu. Kisha akaleta pistoni ya 1HD-T aliyokuwa nayo akaziweka pamoja mezani. Kipenyo kimoja, milimita 94. Lakini 1HZ inachomea dizeli kwanza kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi, na mgandamizo wake ni zaidi ya 22 kwa 1. Inahitaji mgandamizo huo mkubwa ili iwake vizuri. Wenzetu wa kiwandani walipoitengeneza 1HD-T kwa ajili ya tabo walishusha mgandamizo hadi 18.6, wakaipeleka dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na wakabadilisha pistoni zenyewe. Maana yake waliotengeneza injini zote mbili walijua kwamba tabo si kitu cha kubandika. Ukisukuma hewa nyingi kwenye injini iliyokwisha kubana kiasi hicho, halafu ukamwaga na dizeli juu yake, joto linatafuta pa kutokea, na aluminiamu ndiyo inayosalimu amri mapema.

Bosi aliitengeneza injini ile na safari hii akaiacha mikononi mwa fundi wetu. Kazi hiyo naikumbuka hatua kwa hatua, kwa sababu nilikuwa nikimshikia taa. Alianza kwa kutoboa manifodi ya eksozi, kabla tabo haijafungwa, akachomeka kipima joto mbele ya mahali feni itakapokaa. Geji yake akaiweka usoni pa dereva, si kwenye kona. Akanieleza kwamba ikikaa juu ya nyuzi 700 mlimani, dereva aondoe mguu, hata kama wageni wanataka kuwahi machweo. Eksozi akaipanua kuwa inchi tatu, kwa sababu moshi ukizuiwa nyuma ya tabo joto lote linarudi injini. Shinikizo akaliweka chini ya nusu bari. Skrubu ya dizeli akairudisha ilipokuwa kiwandani na akaifunga kwa risasi kama mita ya umeme.

Hesabu yake ilikuwa ya wazi. Juu ya ukingo shinikizo la hewa limepungua kwa karibu robo ya bari. Tabo ikisukuma robo ya bari, imeirudisha bahari mlimani. Kilichozidi hapo ni nyongeza ndogo tu kwa ajili ya uzito wa paa na viti. Nilidhani bila kuongeza dizeli hatutaona tofauti. Tuliona. Dizeli ile ile iliyokuwa ikitoka moshi sasa ilipata hewa ya kuungua nayo. Gia ya tatu ilishika mahali ambapo zamani tulikuwa tumeshaingia ya pili, kona zikabaki safi, na sindano ya joto ikakaa chini kuliko ilivyokuwa kwenye gari lisilo na tabo. Hili la mwisho mafundi wengi wa petroli hawaliamini: kwenye dizeli, kwa mafuta yale yale, hewa zaidi inapoza.

Baada ya hapo kila kitu kilidai haki yake. Klachi ya kawaida ilianza kuteleza, tukaweka nzito zaidi. Rejeta iliyotosha miaka yote ikaonekana ndogo. Kubadilisha oili kukawa jambo la nidhamu, maana shafti ya tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili, na oili chafu inaila beringi. Madereva tukajifunza kutozima injini ghafla tukifika juu. Tuliiacha iungurume taratibu dakika chache kwanza, ili oili isiungulie ndani ya tabo ingali na moto. Wageni waliuliza kwa nini tunachoma mafuta bure, nasi tuliwaeleza.

Adui mkubwa alikuwa vumbi. Barabara ya kutoka ukingoni kwenda Serengeti ina vumbi la majivu ya volkano, laini kama unga. Kwenye injini isiyo na tabo linakula ringi polepole. Kwenye tabo, feni inalikuta kwa kasi kubwa, na bomba la mpira lenye ufa usioonekana linatosha kusaga kingo za feni msimu mmoja. Nimeona watu wakitumia fedha nyingi kwa intakula huku mkonga wa kuvutia hewa wa gari unavujisha kwenye kiungo. Intakula ina kazi yake ya kweli: hewa ikisukumwa nusu bari inaweza kupanda nyuzi 50, na ikipozwa kabla ya kuingia inakuwa nzito zaidi. Lakini chujio safi na klampu zilizokaza vinatangulia.

Miaka iliyofuata wengine waliacha kuisumbua 1HZ. Walishuka Gerezani, Dar es Salaam, wakanunua 1HD-FT iliyotumika, yenye valvu 24, wakaihamishia kwenye gari lile lile. Mimi nilifanya hivyo kwa gari langu la kwanza, na kwa mtu anayebeba mzigo mkubwa siku zote nadhani ndiyo njia ya heshima zaidi: pistoni, mgandamizo na tabo vimezaliwa pamoja.

Kisha zikaja dizeli za kompyuta, D-4D na wenzake, ambazo hakuna skrubu ya kukaza. Dizeli inakaa kwenye bomba moja kwa shinikizo la zaidi ya bari 1,000, na mabawa ndani ya tabo yanajigeuza yenyewe kulingana na mwendo. Injini hizo zilitukuta na mafuta mabovu. Dizeli ilikuwa ikichanganywa na mafuta ya taa, ambayo hayana ulaini wa kulinda pampu ya namna hiyo, na tabo nyingi zilizolaumiwa wakati ule zilikuwa salama. Kilichokufa kilikuwa nozeli. Mwaka 2010 mdhibiti wa nishati, EWURA, alianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili mchanganyiko utambulike, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa hadi uchakachuaji ukakosa faida. Kwa upande wangu, jambo hilo liliwasaidia wenye dizeli za kisasa kuliko kifaa chochote tulichofunga gereji.

Sasa nina kijana gerejini anayefungua kompyuta ya gari kwa laptopu. Ananiita Mzee na ananipa shikamoo kila asubuhi, lakini kwenye mambo ya data mimi ndiye mwanafunzi. Anaweza kunionyesha shinikizo la tabo na la dizeli, sekunde kwa sekunde, kona kwa kona. Wateja humjia wakitaka aongeze nguvu kwa kubadilisha programu. Tumekubaliana kwamba gari linalobeba wageni haliguswi hivyo. La mtu binafsi tunalipima kwanza mlimani, na kama joto limefika mwisho, tunamwambia hivyo na hatuchukui pesa yake.

Wiki hii tuna 1HZ nyingine mezani, ya kampuni ndogo ya Karatu. Mwenyewe alitaka bari nzima. Tumeweka 0.4, eksozi ya inchi tatu na klachi mpya, na skrubu ya dizeli haijaguswa. Geji ya joto inafika kesho kwa basi kutoka Dar es Salaam, na nimemwambia gari halitoki kabla haijafungwa.