Tairi la Mzigo

Kazi yangu imekuwa kubeba ndizi. Nilianza miaka ya themanini nikiwa utingo wa pikapu ya Peugeot 504, nikawa dereva wa gari la watu, kisha nikanunua langu. Muda huo wote kituo changu kimekuwa Nyakoe, soko la Kitutu lililo kando ya barabara ya Kisii kwenda Kisumu. Watu huniuliza habari za injini, au bei ya mkungu kule sokoni Kibuye, Kisumu. Nikiulizwa ni kitu gani kimenikosesha usingizi zaidi ya vyote katika kazi hii, ninajibu: kuchagua matairi.

Nieleze njia kwanza, maana njia ndiyo inayoamua tairi kabla ya mfuko kuamua. Ndizi zinakatwa vijijini, upande wa Marani na kwenye vilima vya kuelekea Nyamira, na njia za kuzifikia ni udongo mwekundu au marram iliyoliwa na maji. Gusii mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo utelezi si jambo la msimu. Ukishapakia, unashika lami: Oyugis, Sondu, Katito, mpaka Ahero. Umeiacha nchi ya mita kama 1,700 juu ya bahari, umeingia tambarare ya Kano, chini kwa zaidi ya mita mia tano, na saa nane mchana lami ya huko huwezi kuikanyaga kwa mguu mtupu. Gari ni lile lile, mzigo ni ule ule, matairi ni yale yale. Asubuhi yalikuwa yanapambana na matope. Mchana yanapambana na moto.

Tairi la matope lina meno makubwa yaliyoachana. Linang'ata udongo na kuutema. Lakini kwenye lami mpira unaogusa barabara ni mchache, basi ukishika breki mvua ikinyesha gari linachelewa kusimama, na meno yenyewe yanalika upesi. Tairi la lami nalo lina mifereji membamba. Likiingia njia ya kijijini, mifereji inajaa udongo mwekundu baada ya mizunguko michache, na kuanzia hapo unateleza tu hata kama tairi ni jipya kabisa. Vijana wengi hupenda la meno makubwa kwa sababu linaipa pikapu sura ya nguvu. Mimi kwa miaka mingi nimefunga la kati, lenye meno ya wastani na mifereji mipana kiasi, magurudumu yote manne, na kwenye kebini nikabeba minyororo kwa ajili ya siku mbaya. Mwendo mwingi wa gari langu ni wa lami. Kilomita chache za matope hazifai kuniamulia jinsi nitakavyosimama kwenye mteremko wa Sondu.

Aliyenifundisha kusoma tairi ni tajiri wangu wa kwanza, mzee wa Mosocho ambaye alikuwa hajasoma shule zaidi ya darasa la nne. Siku moja tulikwenda dukani Kisii kuchukua mawili ya nyuma. Muuzaji akasifu, nami nikaitikia kwamba yanaonekana imara. Mzee akanishika bega. "Kijana, usiniambie yanaonekana. Niambie yameandikwa nini." Akachuchumaa pale sakafuni, akanisomesha nambari moja moja, na wateja wengine wakasimama kusikiliza.

Zama zile hapakuwa na mengi ya kuchagua. Uagizaji wa bidhaa kutoka nje ulidhibitiwa, na gari nyingi za Kenya zilikanyagia matairi ya kiwanda cha Firestone cha Nairobi. Kampuni hiyo baadaye ikaitwa Sameer Africa, na matairi yake tukayajua kwa jina la Yana. Serikali ilipofungua soko katika miaka ya tisini, yakaingia matairi ya kila nchi, hasa ya India na China, na mwaka 2016 kiwanda cha Nairobi kikafungwa. Nilisikitika, kwa ajili ya wafanyakazi wake na kwa ajili yetu pia, maana tairi lililotengenezwa hapa lilikuwa na mtu wa kumwendea ukiwa na lalamiko. Tangu hapo kila mnunuzi analazimika kuwa mkaguzi wake mwenyewe.

Basi tuyasome yale maandishi. Kipimo kinachopatikana kwenye pikapu nyingi za rimu ya 14 ni 195R14C. 195 ni upana kwa milimita. R ni radial, yaani nyuzi za ndani zinakatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. 14 ni rimu kwa inchi. Herufi C mwishoni ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo inayosema kwamba tairi hili ni la gari la mizigo. Baada yake utaona 8PR, ambayo sisi huiita plai nane, na pembeni 106/104. Hiyo 106 maana yake tairi moja linabeba kilo 950 likiwa na upepo wake kamili. Mawili ya nyuma, kilo 1,900.

Sasa chukua tairi la gari dogo, 195/70R14, lenye nambari 91. Upana ni ule ule, linaingia kwenye rimu ile ile, na bei yake inavutia. Lakini 91 ni kilo 615. Mawili ni kilo 1,230. Pakia tani moja ya ndizi, ongeza uzito wa nyuma ya gari lenyewe, na umeshapita kiwango hicho kabla hujatoka sokoni. Hakuna fundi anayeweza kurekebisha hesabu hiyo kwa kuongeza upepo.

Mwenzangu mmoja wa Nyakoe alifungiwa matairi ya namna hiyo. Alishuka salama mpaka Katito. Mbele kidogo, kwenye tambarare, la nyuma kushoto likapasuka, gari likalala ubavu, na mikungu ikatapakaa hadi shambani mwa watu. Alitoka hai na mkono uliovunjika. Nilikuwa nyuma yake. Nililiokota lile pande la mpira na bado lilikuwa moto. Tairi lililozidiwa hujikunja kila linapozunguka, kujikunja huzalisha joto, na joto huachanisha mpira na waya wa ndani. Kwa muda mrefu huoni chochote kwa nje. Ndiyo maana tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa ni hatari kuliko lililokwisha meno, ingawa polisi wa barabarani hutazama meno tu.

Upepo wenyewe upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Kiwango cha gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, na kile cha gari tupu si kile cha gari lenye mzigo. Tairi la plai nane nililolitaja hubeba kilo zake zote likiwa na upepo wa takriban psi 65. Ukirudi mtupu kutoka Kisumu na upepo huo huo, nyuma inaruka na kuteleza, basi punguza. Nimenunua geji yangu mwenyewe, kwa kuwa geji za vibanda vya pancha nyingi zimechoka.

Halafu kuna umri. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, pana tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarehe hiyo huwa upande mmoja tu wa tairi, na upande huo ukifungwa ukaelekea ndani hutaiona tena, kwa hiyo isome kabla fundi hajaanza kazi. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Mama mmoja mchuuzi wa parachichi, ambaye alikuwa akinikodi kila wiki, aliwahi kuniambia kwamba yeye hanunui hata dawa bila kutazama tarehe, iweje dereva anunue tairi hivi hivi. Alikuwa sahihi. Mimi tairi jipya lililokaa dukani zaidi ya miaka mitatu silichukui. Spea iliyoning'inia chini ya bodi nayo ina umri wake, ingawa haijawahi kugusa barabara.

Matairi yaliyochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto nayakataa kabisa kwa pikapu. Kile kisu kinakula mpira uliobaki juu ya waya, na mnunuzi anauziwa sura. Kuhusu majina makubwa na madogo, msimamo wangu umekuwa mmoja: tairi la bei nafuu, jipya, lenye C na nambari ya mzigo inayotosha, ni bora kuliko la jina maarufu lililozeeka.

Jambo tunalobishania sana pale Nyakoe ni mahali pa kuyafunga ukinunua mawili tu, maana ni wachache wanaoweza kununua manne kwa mpigo. Chama chetu cha madereva kilipokuwa kikizungusha fedha, zamu ikikufikia zilitosha jozi moja. Wengi hufunga mapya mbele, wakiogopa pancha ya usukani. Mimi hufunga nyuma. Pikapu inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na ikiwa tupu huko nyuma ni kwepesi. Mvua ikinyesha, mbele ikiteleza utahisi kwenye usukani na kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza gari linageuka kabla hujafanya lolote. Lakini sharti la mbele libaki pale pale: mifereji ikifikia vile vinundu vidogo vya milimita 1.6 vilivyo ndani yake, tairi hilo limekwisha, liondolewe.

Pikapu za biashara hupelekwa kwa ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, mara moja kwa mwaka. Kuna wanaoazima matairi mazuri kwa siku hiyo, wakayarudisha jioni. Hili linaniumiza kuliko yote, kwa sababu kesho yake gari hilo hilo litabeba kina mama watano juu ya mikungu yao kwenda sokoni.

Nawaomba vijana mnaoshika kazi hii sasa: mkienda kununua, chuchumaeni. Someni C, someni nambari ya mzigo, someni zile tarakimu nne, halafu ndipo mwulize bei. Na ninyi akina mama wenye mizigo, mnaolipa nauli, mna haki ya kuyasoma pia kabla ya kupanda.