Kabla ya Tarehe 4 Oktoba

Leicester, Jumatatu, 9 Julai 2018

Mzee, mwenye kiwanda, ameniita ofisini baada ya chai, akanikabidhi barua ya kampuni moja ya vocha za malezi. "Binti yangu, hebu itazame hii. Nasikia mlango unafungwa."

Kweli unafungwa. Baada ya tarehe 4 Oktoba hakuna mzazi mpya atakayepokelewa kwenye vocha zinazopitia kwa mwajiri. Serikali ilikusudia kuzifunga Aprili, kisha ikaongeza miezi sita. Sisi hatujawahi kuwa nazo. Msamaha wa kodi ulianza 2005 na waajiri wakubwa wakauchangamkia. Kiwanda cha kushona sare za shule chenye watu kumi na mmoja hakikuwa na wa kukisemea. Kinachoniuma ni kwamba miaka yote hii watu wetu wamelipia chekechea kwa pesa iliyokwisha kukatwa kodi, na sheria ilikuwa inawaruhusu kulipa kabla ya makato.

Mzee alizaliwa Mwanza, na akitaka jambo lifanyike upesi huliagiza kwa Kiswahili. Nimelichukua.

Jumanne, 17 Julai

Naandika hesabu hii kwa maneno ya kawaida, kwa kuwa nitaisoma mbele ya wenzangu.

Mfanyakazi anakubali kwa maandishi mshahara wake upungue, na badala ya zile pesa anapewa vocha za thamani ileile. Kwa anayelipa kodi ya asilimia 20, ukomo ni pauni 243 kwa mwezi. Vocha haikatwi kodi ya mapato wala bima ya taifa, kwa hiyo asilimia 20 ya kodi na asilimia 12 ya bima zinabaki kwake. Akichukua zote, ni pauni 933 kwa mwaka. Kampuni nayo inaokoa asilimia 13.8, yaani bima ya upande wa mwajiri. Ukomo ni wa mzazi, hauhesabiwi kwa mtoto: mwenye mmoja na mwenye watatu wako sawa, ila baba na mama kila mmoja anaweza kuchukua za kwake kazini kwake.

Vocha inamlipa mlezi aliyesajiliwa tu, na hapa England msajili ni Ofsted. Bibi anayekaa na mjukuu nyumbani hayumo. Kwa familia nyingi zilizotoka Afrika Mashariki bibi ndiye chekechea, ndiye anayewezesha mama kwenda kazini, na jasho lake halionekani kwenye karatasi yoyote ya kodi. Nitawaeleza watu sharti hilo mapema, asije mtu akapunguziwa mshahara akabaki na vocha zisizo na pa kwenda.

Alhamisi, 2 Agosti

Nimekaa na kila mzazi peke yake, mlango umefungwa. Mambo ya nyumba ya mtu hayazungumzwi kwenye meza ya chakula.

Dereva ana mapacha wadogo, mkewe anafanya kazi, na chekechea inawala zaidi ya pauni 14,000 kwa mwaka. Huyu nimemwambia asiingie. Akaunti mpya ya serikali, iliyoanza 2017, inaongeza pauni 2 kwa kila pauni 8 mzazi anazoweka, hadi pauni 2,000 kwa kila mtoto kwa mwaka. Kwa gharama yake atapata pauni 2,800. Vocha yake ingempa 933, na hata mkewe angepata kwake wangefika 1,866 tu. Mtu haruhusiwi kuwa na vyote viwili.

Fundi wa kukata vitambaa ni kinyume chake. Mkewe anasomea uuguzi, hana mshahara. Ile akaunti mpya inataka wazazi wote wawili wafanye kazi, kila mmoja apate angalau pauni 125 na ushei kwa wiki. Vocha haimuulizi habari za mkewe. Huyu aingie, tena kwa kiwango chote.

Msimamizi wa mashine naye aingie. Mtoto wake mkubwa ana miaka 12, na akaunti mpya humwacha mtoto anapofika 11; vocha zinakwenda naye hadi 15. Anaweza kuzilimbikiza mwaka mzima akalipia kambi za likizo ya kiangazi, wakati ambao gharama humkaba kweli.

Mama anayelea peke yake, anayepokea ruzuku ya kodi ya wafanyakazi, nimemshauri abaki alipo. Ruzuku yake inaweza kumrudishia hadi asilimia 70 ya ada ya chekechea, na kile kinacholipwa kwa vocha hakihesabiwi humo. Angeingia angepoteza. Vipeperushi vyote vilivyonifikia vinasema kila mzazi ataokoa, na hilo si kweli.

Jumanne, 14 Agosti

Dada wa ofisi amenisimamisha koridoni, kwa sauti ya chini: ana mimba, anatarajia kujifungua katikati ya Januari. Ana mtoto mwingine wa miaka miwili. Nimempa pongezi, kisha tukarudi kwenye tarakimu.

Malipo ya likizo ya uzazi kwa wiki sita za kwanza ni asilimia 90 ya wastani wa mshahara, na wastani huo unatokana na wiki nane za mwisho kabla ya ile wiki ya kumi na tano kabla ya kujifungua kumalizika. Kwake yeye, mishahara itakayopimwa ni ya Agosti na Septemba. Akikubali mshahara wa Septemba upungue kwa pauni 243, wastani utashuka na malipo ya uzazi yatashuka nao. Akingoja Oktoba iishe, mlango umekwisha kufungwa.

Njia ipo. Sheria inataka mshahara uwe umerekebishwa kwa ajili ya vocha ifikapo tarehe 4 Oktoba, haisemi kwa kiasi gani. Septemba atachukua vocha ya pauni 20, Oktoba atapanda hadi 243. Akiwa likizo anaweza kusimamisha, mradi asipitishe mwaka mzima bila kupokea vocha.

Amenishika mkono akashukuru. Mimi namwaza yule ambaye ofisini kwao hakuna aliyekaa kuzisoma wiki hizo nane.

Ijumaa, 24 Agosti

Nimelinganisha kampuni tatu za vocha. Ya kwanza ina ada ya chini ya mwaka ambayo kwa watu wanne ingemeza kila tunachookoa. Ya pili ni nafuu kuliko zote, lakini nilipowapigia kuuliza vocha ya mzazi anayeacha kazi inakuwaje, kila niliyeunganishwa naye alinipa jibu lake. Ya tatu inatoza asilimia 5 ya thamani ya vocha, bila ada ya kujiunga. Vocha haziishi muda. Na chekechea mbili zinazotumiwa na watu wetu tayari zinalipwa kupitia kwao. Nilizipigia simu zote mbili, zikathibitisha kuwa pesa hufika ndani ya siku chache.

Nimependekeza ya tatu. Tofauti ya ada ni pauni chache kwa mwezi, na mzazi anayechelewesha ada ya chekechea anaweza kunyimwa nafasi.

Jumatatu, 3 Septemba

Leo nimekwama kwa dada wa kufungasha, ambaye ndiye mwenye shida kuliko wote.

Analipwa pauni 8.10 kwa saa. Kima cha chini kwa umri wake ni 7.83, na sheria hairuhusu mshahara wa fedha taslimu ushuke chini ya hapo kwa sababu ya vocha. Kwa saa zake 162.5 za mwezi, nafasi iliyopo ni pauni 43 tu. Ataokoa pauni 13 na ushei kwa mwezi, huku msimamizi wake anayelipwa vizuri zaidi akiokoa karibu 78.

Naielewa shabaha ya sharti hilo. Hapa Leicester tunajua viwanda vya nguo vinavyolipa chini ya kima, na bila kinga hiyo mwajiri mwovu angeita kila makato "vocha". Lakini matokeo yake ni kwamba mwenye mshahara mdogo ndiye anayesaidiwa kidogo, na siwezi kumletea Mzee mpango wa namna hiyo nikauita wa haki.

Nimepiga hesabu hadi jioni. Watatu wakichukua 243 kila mmoja, na yeye akapandishwa peni 40 kwa saa, nafasi yake inakuwa pauni 108. Jumla ya vocha ni 837. Kampuni inaokoa pauni 115.51 kwa mwezi, inalipa ada 41.85, inabaki na 73.66. Nyongeza yake, pamoja na bima ya mwajiri, inagharimu 73.97. Mzee atatoa peni 31 mfukoni mwake.

Ijumaa, 14 Septemba

Mzee amesoma karatasi mara mbili, miwani puani. "Sasa kampuni inapata nini hapa?"

Nikamwambia: "Hakuna, Mzee. Faida hii imetokana na mishahara yao, irudi kwao."

Amenyamaza, akauliza kama wengine hawatanung'unika kwa nyongeza ya mtu mmoja. Nimesema inawezekana, na nitawaeleza mwenyewe. Ametia saini hati zote mbili: ya kampuni ya vocha na ya nyongeza, itakayoanza na mshahara wa mwezi huu.

Ijumaa, 28 Septemba

Siku ya mshahara. Marekebisho ya mikataba ya wote wanne yalisainiwa wiki iliyopita, kabla ya kufanya hesabu ya mishahara, maana makubaliano ya baada ya malipo hayatambuliwi. Nimehakiki kila hati ya malipo kwa kalamu. Vocha ya dada wa ofisi inasomeka pauni 20. Ya dada wa kufungasha, 108.

Ijumaa, 5 Oktoba

Tangu jana mpango umefungwa. Jumatatu anaanza fundi mpya wa cherehani. Ana mtoto mdogo chekechea, na mumewe bado anatafuta kazi. Vocha amezikosa kwa siku chache. Akaunti mpya haimpokei mpaka mume apate ajira. Nyumba ya wazazi wawili yenye mshahara mmoja ndiyo iliyohitaji mpango huu zaidi, na ndiyo iliyofungiwa bila kuwekewa msamaha mwingine wa kodi badala yake. Ni uamuzi mbaya, na nitamwandikia mbunge wetu kumwambia hivyo.