Arnel Pineda, Journey na Sisi Tunaojaza Mapengo

Mwezi Juni 2008 bendi ya roki ya Kimarekani, Journey, ilitoa albamu iitwayo Revelation. Hapa Marekani iliuzwa katika maduka ya Walmart peke yake, na ndani ya kasha moja kulikuwa na diski tatu: moja ya nyimbo mpya, moja ya nyimbo 11 za zamani zilizorekodiwa upya, na moja ya video ya onyesho lao la Las Vegas. Ilianzia nafasi ya tano katika chati ya Billboard. Kwa bendi iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1973, ambayo wengi walikuwa wameshaizika, hayo yalikuwa marejeo makubwa. Na mwimbaji wao alikuwa mtu wa Manila, Ufilipino, jina lake Arnel Pineda.

Najua wengi wetu tumelelewa na taarab, rumba na kwaya. Roki tuliisikia kwa mbali. Mimi, binti wa Mombasa, niliijua Journey nikiwa mtu mzima, kwa sababu ya wauguzi wenzangu Wafilipino. Katika zamu yetu ya usiku wapo watano, nao humtaja Pineda kama sisi tunavyomtaja Kipchoge. Mmoja wao ndiye aliyenipa albamu hiyo akaniambia, "Msikilize huyu, ni mwenzetu."

Ugumu wa kazi aliyopewa Pineda hauonekani mpaka umjue aliyemtangulia. Steve Perry aliingia Journey mwaka 1977, na sauti yake ya juu, nyororo lakini yenye nguvu, ndiyo iliyoipa bendi jina. Albamu yao ya Escape ya mwaka 1981 ilifika namba moja, na ndani yake umo wimbo Don't Stop Believin', ambao mpaka leo watu huuimba viwanjani na harusini. Baadaye bendi ilinyamaza kwa miaka mingi. Baada ya kurudiana walitoa Trial by Fire mwaka 1996, lakini kabla ya ziara Perry alishikwa na maumivu makali ya nyonga akiwa kwenye matembezi ya mlimani huko Hawaii. Ikabainika kwamba anahitaji kuwekewa nyonga ya bandia. Yeye alitaka muda wa kuamua. Wenzake walisubiri, kisha wakachoka kusubiri, wakatafuta mwimbaji mwingine.

Mashabiki wamebishana miaka mingi kuhusu nani alikosea hapo. Mimi nikiwa muuguzi siwezi kumlaumu yeyote. Upasuaji wa nyonga si wa kuharakishwa kwa ajili ya ratiba ya mtu mwingine. Mgonjwa ndiye atakayelala na maumivu, na ndiye atakayejifunza kutembea upya. Lakini pia najua maana ya zamu yenye pengo. Muuguzi akiugua, wagonjwa hawarudi nyumbani kumsubiri apone. Lazima aje mwingine.

Waliokuja kwanza walikuwa Wamarekani. Steve Augeri aliimba tangu 1998 hadi koo lilipomsumbua mwaka 2006, kisha Jeff Scott Soto akashika nafasi hiyo kwa muda mfupi. Mwaka 2007 mpiga gitaa Neal Schon, akitafuta sauti kwenye YouTube, akakutana na video za bendi ya Manila iitwayo The Zoo. Alipomwandikia Pineda, yeye alidhani ni utapeli.

Ana haki. Pineda alizaliwa mwaka 1967. Akiwa na miaka 13 mama yake alifariki kwa ugonjwa wa moyo, na gharama za matibabu zikaiacha familia na madeni. Kijana akaishia kulala katika bustani ya jiji, akiokota chupa na magazeti ya kuuza. Baadaye aliimba miaka mingi katika vilabu vya Hong Kong, nyimbo za watu wengine, usiku baada ya usiku. Ninyi mlio Ghuba mnawajua ndugu zetu wanamuziki waliopiga hotelini Dubai na Muscat kwa kazi ya namna hiyo: mpe mgeni wimbo anaoujua, sawasawa na ulivyo kwenye kanda.

Hata viza aliiombea kwa sauti. Pineda amesimulia kwamba ofisa wa ubalozi wa Marekani alipoambiwa anakwenda kujaribiwa na Journey, alimtaka aimbe papo hapo. Akaimba Wheel in the Sky, akapewa viza. Nani kati yetu hajasimama mbele ya kile kioo akitamani awe na wimbo wa kuimba?

Sasa turudi kwenye zile diski. Ile ya nyimbo za zamani ilikuwa mtihani. Mashabiki walitaka Pineda asikike kama Perry; aliposikika hivyo, baadhi wakamwita mwigaji. Angebadilisha, wangesema ameharibu nyimbo zao. Na wapo ambao hawakuficha kwamba shida yao ilikuwa sura yake na nchi alikotoka.

Mtihani wa namna hiyo tunaujua. Mimi nilikuja na diploma niliyosomea Mombasa na miaka minne ya kazi. Nikafanya mtihani wa leseni, kisha nikasoma digrii hapa huku nikifanya kazi. Mengi niliyofundishwa nilikuwa nimeshayafanya kwa mikono yangu, tena kwa vifaa vichache zaidi. Niliimba upya nyimbo nilizozijua, kwa lafudhi ya huku. Hata hivyo, usiku mmoja mgonjwa alimwambia msimamizi kwamba anataka "nesi wa hapa". Msimamizi akampelekea. Mimi nikaendelea na wagonjwa wangu wengine, na dawa zao zilitoka kwa wakati.

Ndiyo maana naipenda zaidi diski ya nyimbo mpya. Sisemi haina kasoro. Muziki ni ule ule: piano, gitaa la kuvutwa, kiitikio cha kuinua mikono. Bendi ilikuwa inarudi nyumbani kwake, haikutaka kuhama mtaa. Lakini sikiliza After All These Years, wimbo wa taratibu wa mapenzi yaliyodumu. Hapo hakuna kanda ya Perry ya kumpimia Pineda. Anaimba bila haraka, na unasikia kwamba sauti hiyo ina mwenyewe.

Binti yangu ana miaka tisa. Siku moja nilikuwa nimemaliza simu ya kazini, nikampigia mama yangu Mombasa. Alipoona nimekata simu akaniuliza kwa Kiingereza, "Mama, mbona una sauti mbili?" Swali hilo limenikaa. Yeye huelewa Kiswahili chote tunachosema nyumbani, lakini kila mwaka anakijibu kidogo zaidi kwa Kiingereza. Nikihofia jambo moja katika nchi hii, ni siku atakapoamua kwamba sauti ya kazini ndiyo halisi, na ile ya bibi yake ni ya kuficha. Nilimjibu kwamba zote mbili ni zangu: moja niliitafuta, nyingine nilipewa na bibi yako.

Mwaka 2017 Journey waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame. Pineda alipanda jukwaani akaimba na bendi, lakini jina lake halikuwemo katika orodha ya walioheshimiwa. Perry mwenyewe, aliyefika ila hakuimba, alimtaja. Mbele ya umati wote alimsifu kwa kuimba kwa moyo wake wote kila usiku. Mpaka leo Pineda amekaa katika nafasi hiyo miaka mingi kuliko Perry. Pia alianzisha taasisi ya kusaidia watoto maskini wa Ufilipino.

Kama mna watoto nyumbani, jaribuni hivi jioni moja. Pigeni kwanza Don't Stop Believin' ya mwaka 1981, kisha ile ya 2008, halafu mumalizie na wimbo wowote mpya kutoka Revelation. Waelezeni historia ya kila mwimbaji, na muwaache waseme wanachosikia.

Sisi tulifanya hivyo Jumapili. Binti yangu alifurahi akataka kumsimulia bibi yake, na kwa kuwa bibi hajui Kiingereza, ilibidi atumie Kiswahili. Alikwenda vizuri mpaka kwenye ile bustani ya Manila na ule ubalozi, ila akakwama alipotaka kusema kwamba mtu huyu aliingia mahali pa yule wa kwanza.

"Sema alipokea kijiti, mjukuu wangu," bibi akamsaidia.

Akalirudia mara mbili, kisha akaendelea na hadithi.