Bandu Bandu Huisha Gogo

Ndugu msomaji, pengine nawe unayo suruali uliyoiweka chini ya sanduku, ukijiambia kwamba siku moja utaivaa tena. Mimi nilikuwa nayo. Ilikuwa ya kaki, niliyoshonewa nilipokuwa fundi mitambo kiwandani, enzi ambazo kutwa nzima nilipanda na kushuka ngazi nikiwa na spana mkononi. Baadaye nikapandishwa cheo, nikapewa meza na kiti. Kazi ikabadilika, lakini sahani yangu ikabaki ile ile. Kufikia mwaka 2019 nilikuwa na kilo 90.

Majirani walinisifu. Kwetu kitambi huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba nyumbani kuna neema na mke anajua kupika. Lakini mimi nilikuwa na sababu ya kutofurahi. Marehemu baba yangu alikuwa na mwili kama huo, akaanguka kwa kiharusi akiwa na umri wa miaka 58. Mimi nilikuwa na miaka 51, na siku niliyopimwa shinikizo la damu, muuguzi alirudia kupima mara mbili kabla ya kusema neno.

Basi nikafanya kama wafanyavyo wengi. Niliacha ugali na wali kabisa. Asubuhi chai ya rangi, mchana tunda moja, jioni mchicha mtupu. Katika miezi miwili nikapungua kilo 8, na kila aliyeniona barabarani akanipongeza. Waliokaa nami ndani ndio walioijua gharama yake. Nilikuwa mkali kwa kila jambo dogo. Mke wangu akiandaa chakula, mimi nakisogeza pembeni. Jioni moja aliiondoa sahani ile, akasema kwa upole, "Mume wangu, kama nimekukosea, niambie." Sikuwa na jibu. Mwezi wa tatu nikashindwa, nikala kama mtu aliyetoka jangwani, na baada ya muda mizani ilisoma kilo 92.

Mtaalamu wa lishe niliyemwendea baadaye hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Unataka kuwa na kilo ngapi?" Nikamjibu 83, uzito niliokuwa nao nilipokabidhiwa ile meza. Akasema, "Basi kula kama alavyo mtu wa kilo 83. Anza leo, wala usiache." Nilidhani ananitania.

Kumbe maneno yake yalikuwa na hesabu ndani yake. Mwili hutumia nguvu hata ukiwa usingizini, na mwili mkubwa hutumia nyingi zaidi, kama lori linavyokunywa mafuta kuliko gari dogo. Mwenye kilo 92 akila chakula kinachomtosha mwenye kilo 83, kila siku atapungukiwa kidogo, na mwili utaufidia upungufu huo kwa kuchoma akiba yake ya mafuta. Kadiri anavyopungua, ndivyo na mahitaji yake yanavyopungua, hata siku moja chakula na mahitaji vinalingana. Hapo uzito hutulia. Hakuna siku ya kufungua, kwa sababu hakukuwa na kufunga.

Je, tofauti ya chakula cha watu hao wawili ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2011 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha hesabu za Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na wenzake. Walionyesha kwamba, kwa wastani, mtu mzima mnene anayetaka kilo moja imtoke na isirudi, yampasa apunguze kalori 24 hivi kwa siku. Nusu ya uzito huo huondoka kwa mwaka mmoja hivi, na karibu wote kwa miaka mitatu. Kilo zangu 9 zilidai kalori 216.

Sasa angalia jikoni. Kijiko cha chai cha sukari kina kalori 16 hivi. Kijiko cha mezani cha mafuta ya kupikia kina 120. Nilikuwa nikinywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu vya sukari. Nikabakiza kimoja kwa kila kikombe. Vijiko sita vikaondoka, yaani kalori 96. Zikabaki 120: kijiko kimoja cha mafuta.

Kijiko hicho hakikuwa mikononi mwangu. Safari hii sikusogeza sahani. Nilikwenda jikoni, nikaketi kwenye kigoda, nikamweleza mke wangu habari za baba na hofu yangu, jambo ambalo, nakiri, sikuwahi kulifanya. Alinisikiliza huku akichagua mchele. Kisha akalitwaa dumu la mafuta, na badala ya kumimina kwa kukadiria kama siku zote, akapima kiasi kile kile kwa kijiko. Vilikuwa vijiko 12 kwa wali na mchuzi wa watu wazima wanne. Tulitazamana. Tukabakiza vinane, na hakuna mlaji aliyelalamika.

Hiyo ilikuwa Agosti 2021. Usitazamie ajabu, ndugu yangu. Mwezi wa kwanza mizani haikusogea. Wa pili ilipanda kidogo, maana maji na chumvi mwilini huweza kuupandisha uzito kwa siku chache. Lakini bandu bandu huisha gogo. Agosti 2022 nilikuwa na kilo 87 na nusu. Agosti 2024, kilo 83 na ushei. Katika muda wote huo nilikula wali, nilikula ugali, na nilikwenda harusini kama watu wengine. Shinikizo la damu limeshuka, ingawa vidonge bado nameza kama nilivyoagizwa. Mwaka 2026 ndio ninaotimiza umri ule wa baba.

Ukitaka kunifuata, pima mafuta na sukari kwa kijiko, wala si kwa jicho. Panda mizani mara moja kwa juma, saa ile ile, na utazame mwezi mzima badala ya siku moja. Lakini mama mjamzito, mtoto anayekua, au mtu anayetumia dawa za kisukari asianze kabla ya kuzungumza na daktari wake. Na kabla ya yote, zungumza na anayekupikia.

Ile suruali ya kaki naivaa Jumamosi nikipalilia bustani. Kiunoni bado inanibana kidogo, nami sina haraka nayo.