Anayevuta na Kinachovutwa

Kwetu Goma hata mtoto mdogo anajua kwamba mzigo wa chukudu haupangwi ovyo. Gunia likikaa vibaya, mteremko wa kwanza unamwangusha mwenyewe. Maarifa hayo hayo niliyakuta mbali sana, katika nchi ya Australia, nilipokwenda mwezi wa Julai 2024 kumsalimu kaka yangu mkubwa anayekaa huko na mke wake na watoto wawili.

Kaskazini ya Australia ya Magharibi kuna barabara iitwayo Gibb River Road. Urefu wake ni kama kilometa 660, toka Derby mpaka karibu na Kununurra. Ilitengenezwa katika miaka ya 1960 ili ng'ombe wapate kupelekwa bandarini. Wakati wa masika mito inaifunga. Wakati wa kiangazi watu wanaipita, na wengi wanavuta nyuma ya motokari tela yenye hema, vitanda, jiko na tangi la maji. Sisi nasi tulifanya hivyo. Kaka yangu alialikwa kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa rafiki yake huko Kununurra, siku ya Jumapili.

Kabla ya kuondoka alipanga mizigo kwa uangalifu. Vitu vizito viliwekwa chini, juu ya ekseli. Sehemu kama moja ya kumi ya uzito wote ililalia kiungo cha motokari. Maana tela nzito nyuma inayumba kama mkia, na inaweza kuipindua hata motokari inayoivuta. Tena kiungo chenyewe kinazunguka pande zote, ili tela ikiinama shimoni isivunje kitu.

Tulipofika kwenye udongo, akasimama akapunguza upepo wa tairi, toka bari 2,5 hata 1,9. Barabara ile ina matuta madogo yaliyofuatana kama bati la paa. Magurudumu yenyewe ndiyo yanayoyatengeneza kwa kurukaruka. Tairi laini inayameza kidogo. Lakini lazima kupunguza mwendo pia, maana tairi laini ikikimbizwa inapata moto na kupasuka. Kila tuliposimama alishika kitovu cha kila gurudumu kwa mkono, asikie kama kina moto, akakaza misumari ya skrubu iliyolegea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Siku ya Jumamosi adhuhuri, tulipokuwa tumekwisha kupita kituo cha petroli cha Mount Barnett, aliinama chini ya tela akanyamaza. Bamba moja la springi lilikuwa limekatika. Simu haikushika. Shemeji akasema, «Baba Fulani, wanatungoja kesho asubuhi.» Kaka hakujibu upesi. Akatazama tangi la maji, akatazama watoto. Kisha akasema, «Maji yetu yote yako humu. Tela ikianguka, watoto watakunywa nini?»

Tukahamisha vitu vizito ndani ya motokari. Akakata kipande cha mti, akakifunga imara juu ya ekseli kwa mikanda, tukaenda kilometa 30 kwa saa. Usiku tukalala kando ya njia. Kwenye mto Pentecost hatukuingia kupima maji kwa miguu, maana mna mamba. Tukangoja mpaka motokari nyingine ivuke, tukaona kina chake, ndipo tukafuata.

Tulifika Jumatatu. Mtoto alikuwa amekwisha kubatizwa, na mtu mwingine alisimama mahali pa kaka yangu. Rafiki yake alitupokea vizuri, lakini niliona kwamba kaka yangu alihuzunika, akambeba mtoto yule muda mrefu bila kusema neno.

Wengi wetu tunavuta wengine: wazazi, walimu, wakubwa wa kazi. Ni rahisi kutazama mbele tu, mahali tunapongojwa. Lakini mwendo wa safari haupimwi kwa nguvu za motokari. Unapimwa kwa springi iliyo dhaifu kule nyuma. Basi, mara kwa mara tusimame, tushuke, tuinamie kile tunachokivuta. Pengine tutachelewa, na kuchelewa kutatuuma kweli. Lakini tutafika nao wote.